Meneja Anapofukuzwa: Somo kwa Sisi Mashabiki

Muhula uliopita timu yetu ya shule ilifungwa mabao 4 kwa 0 katika uwanja wetu wenyewe, mbele ya wageni. Kabla jua halijatua baadhi ya wanafunzi walikusanyika karibu na jiko la shule wakapiga kelele kwamba mwalimu wa michezo aondolewe katika kazi ya kuifundisha timu. Nasema "walikusanyika" kwa haya tu, wasomaji, kwani hata mimi nilikuwamo, na sauti yangu haikuwa ndogo. Juma lililofuata mwalimu yule aliiacha kazi hiyo kwa hiari yake, na mwalimu mwingine akaishika. Mechi iliyofuata tulishinda. Tukashangilia, tukasema, "Mnaona? Tulikuwa na haki."

Je, kweli tulikuwa na haki? Swali hilo lilinisumbua siku nyingi, mpaka nikalichukua kama mtu achukuavyo swali la mtihani, nikatafuta mfano mkubwa wa kujifunzia. Mfano nilioupata ni wa klabu ya Leicester City ya Uingereza, iliyomwachisha kazi meneja wake Claudio Ranieri tarehe 23 Februari, 2017. Katika makala haya nataka kueleza mambo yalivyokuwa, mashabiki walivyoyapokea, na sisi tupatalo humo.

Klabu na mji wake

Leicester ni mji ulio katikati ya Uingereza, uliosifika zamani kwa viwanda vya viatu na soksi. Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki si mji mgeni kabisa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, maelfu yao walikwenda kukaa huko, na wengine walitoka Kenya na Tanzania. Halmashauri ya mji ilikuwa imetia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije, lakini walikuja, wakafungua maduka, wakajenga maisha, na leo watoto na wajukuu wao ni miongoni mwa wanaoishangilia klabu ya mji ule.

Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1884. Huvaa jezi za buluu, na watu huiita Mbweha. Kwa miaka mingi ilikuwa klabu ya kawaida tu, mara ikipanda, mara ikishuka. Katika msimu wa 2014/15 ilikuwa ya mwisho katika Ligi Kuu wakati wa Krismasi, ikaponea chupuchupu kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Hata hivyo meneja aliyeiokoa, Nigel Pearson, aliachishwa kazi Juni 2015, na mwezi uliofuata akaletwa Ranieri, Mwitaliano mwenye umri wa miaka 63.

Hapa yafaa tueleze meneja ni nani. Sisi hapa twamwita kocha, na wazee wetu humwita mwalimu wa timu. Ndiye achaguaye wachezaji wa siku ile, apangaye namna ya kucheza, na ajibuye maswali ya waandishi timu ikishinda au ikishindwa. Hapigi mpira hata mara moja, lakini lawama zote za mpira ni zake.

Ranieri alipofika hakupokewa kwa shangwe. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameachishwa kazi na timu ya taifa ya Ugiriki baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe, nchi yenye watu wachache kuliko baadhi ya wilaya zetu. Gary Lineker, mtangazaji mashuhuri aliyezaliwa Leicester na kuichezea klabu hiyo, aliuliza hadharani kama kweli klabu imemchagua mtu huyo. Wengi waliuliza hivyo hivyo.

Msimu wa ajabu

Yaliyofuata yanajulikana na kila mpenzi wa kabumbu. Wenye kuendesha kamari huko Uingereza walikuwa wameahidi kulipa 5,000 kwa kila 1 kama Leicester ingetwaa ubingwa. (Kamari si jambo la kusifiwa, nami nalitaja ili msomaji apime tu jinsi jambo lenyewe lilivyodhaniwa haliwezekani.) Ranieri aliwaongoza wachezaji wake kwa upole na utani. Aliwaahidi kuwanunulia piza siku watakayomaliza mechi bila kufungwa bao. Walipoishinda Crystal Palace 1 kwa 0, Oktoba 2015, aliitimiza ahadi, ila akawataka waioke piza wenyewe, kwani chakula hufanyiwa kazi.

Walimaliza msimu wakiwa na pointi 81, wakawaacha Arsenal wa pili kwa pointi 10. Katika mechi 38 walishindwa 3 tu. Tarehe 2 Mei, 2016, Tottenham walipotoka sare na Chelsea, ubingwa ulikuwa wa Leicester, mara ya kwanza tangu klabu kuzaliwa miaka 132 kabla ya hapo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka mjomba wangu alivyoruka kutoka kitini, ingawa hajafika Uingereza hata siku moja.

Mteremko

Msimu uliofuata mambo yaligeuka. N'Golo Kanté, kiungo aliyekuwa akiwanyang'anya wapinzani mipira bila kuchoka, aliuzwa Chelsea Julai 2016. Mechi ya kwanza ya ligi mabingwa walifungwa na Hull City 2 kwa 1. Katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya walifanya vizuri, wakaongoza kundi lao, lakini katika ligi walizidi kudidimia. Kufikia Februari 2017 walikuwa wamecheza mechi 25 wakapata pointi 21 tu. Katika mechi 6 za ligi za mwaka ule mpya hawakufunga hata bao moja. Tarehe 18 Februari walitolewa katika Kombe la FA na Millwall, klabu ya daraja la tatu, ambayo ilimaliza mechi ikiwa na watu 10.

Tarehe 7 Februari klabu ilitoa taarifa kwamba inamwunga mkono meneja wake bila kuyumba. Tarehe 22 Februari timu ilifungwa na Sevilla huko Hispania 2 kwa 1, matokeo ambayo hayakuwa mabaya sana, kwa kuwa bao lile la ugenini lilikuwa na thamani. Kesho yake Ranieri aliachishwa kazi. Tangu siku ya ubingwa hata miezi kumi ilikuwa haijatimia.

Kwa nini wenye klabu walifanya vile? Msomaji asidhani walikuwa watu wasio na moyo. Katika ligi ile kuna klabu 20, na 3 za mwisho hushuka daraja. Klabu ikishuka hupoteza fedha nyingi sana, hasa zile zitokazo katika televisheni, na wafanyakazi wadogo wa klabu nao huweza kupoteza kazi. Leicester walikuwa nafasi ya 17, pointi 1 tu juu ya shimo. Tangu Manchester City walipofanya hivyo mwaka 1938 hapakuwa na bingwa aliyeshuka daraja msimu uliofuata. Wenye klabu walisema wazi kwamba ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote waliyopata kuyafanya, lakini waliona hawana budi kuyatanguliza maslahi ya klabu mbele ya mapenzi yao.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Wachezaji hununuliwa na kuuzwa kwa vipindi maalum, na kipindi cha Januari hufungwa mwezi ule unapokwisha. Kwa hiyo tarehe 23 Februari klabu haikuweza kununua mlinzi mpya wala kuwabadilisha wachezaji zaidi ya ishirini. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kubadilishwa. Hii ndiyo sababu kubwa kwa nini meneja hufukuzwa hata pale ambapo kosa si lake peke yake. Ni kama mwenye jahazi linaloingia maji katikati ya bahari. Hawezi kubadilisha mbao wala matanga, basi humbadilisha nahodha.

Mashabiki walivyopokea

Habari ilipotangazwa usiku ule, mashabiki waligawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lililia. Miongoni mwao alikuwa Gary Lineker yule yule, ambaye mwaka 2015 aliuliza kama kweli Ranieri anafaa. Sasa alikiri kwamba amemtokwa na machozi. Fungu hili lilisema kwamba mtu aliyekupa kitu ambacho baba yako na babu yako hawakukiona hafukuzwi, hata kama mtashuka daraja pamoja naye.

Fungu la pili liliinamisha kichwa likakubali. Watu hawa nao walimpenda Ranieri, lakini waliona timu inazama. Walisema shukrani ni deni, kweli, ila deni halilipwi kwa kuizamisha klabu.

Fungu la tatu liliwageukia wachezaji. Magazeti yaliandika kwamba baadhi yao walikwenda kumlalamikia meneja kwa wenye klabu. Wachezaji, akiwamo mshambuliaji Jamie Vardy, walikana jambo hilo. Lakini mashabiki wengi waliuliza swali lisilohitaji shahidi: ikiwa miguu ni ile ile iliyotwaa ubingwa, mbona sasa ni mizito?

Hata watu wa nje waliguswa. José Mourinho, aliyekuwa meneja wa Manchester United na ambaye zamani alipata kurushiana maneno na Ranieri, alikuja mbele ya waandishi akiwa amevaa shati lenye herufi C.R. kifuani, kwa heshima ya mwenzake.

Tarehe 27 Februari Leicester walicheza na Liverpool nyumbani. Baadhi ya mashabiki walivaa vinyago vyenye sura ya Ranieri. Ilipofika dakika ya 65, kwa kuwa Ranieri alikuwa na umri wa miaka 65, waliwasha taa za simu zao, na uwanja ukametameta kama mbingu ya usiku. Lakini angalieni jambo hili: wakati taa zile zilipowashwa, timu ilikuwa ikiongoza, ikicheza kwa nguvu ambayo haikuonekana kwa miezi mingi. Vardy alifunga mabao mawili, Danny Drinkwater moja, na Leicester wakashinda 3 kwa 1. Mashabiki walikuwa wakiomboleza na kushangilia katika dakika zile zile, kwa midomo ile ile.

Je, kufukuza kulisaidia?

Hapa ndipo penye somo, nami naomba msomaji asome polepole.

Timu ilikabidhiwa Craig Shakespeare, aliyekuwa msaidizi wa Ranieri. Alishinda mechi zake 5 za kwanza za ligi, tena akaitoa Sevilla kwa kuishinda 2 kwa 0. Leicester wakafika robo fainali ya Ulaya, wakatolewa na Atlético Madrid. Katika ligi walimaliza nafasi ya 12 wakiwa na pointi 44. Mtu wa haraka atasema, "Basi wenye klabu walikuwa na haki."

Lakini tufikiri kama tulivyofundishwa katika somo la hesabu. Mwanafunzi ambaye kwa kawaida hupata alama 50 akiugua homa hupata 20. Mzazi wake akambadilishia kalamu, na jaribio lifuatalo akapata 48. Je, ni kalamu iliyomsaidia? Huenda kidogo, lakini zaidi alikuwa akirudi pale alipozoea kuwa. Meneja naye hafukuzwi timu inaposhinda. Hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa njia yake kubwa ni ya kupanda. Anayekuja baadaye huvuna mvua ambayo pengine ingenyesha tu.

Sisemi kwamba Shakespeare hakufanya kazi. Aliirudisha timu katika uchezaji ule wa zamani wa kushambulia kwa kasi, nao wachezaji walikimbia zaidi. Nasema tu kwamba ushindi baada ya kufukuza hautoshi kuwa ushahidi kwamba kufukuza kulikuwa haki.

Tena tazameni yaliyofuata. Shakespeare mwenyewe aliachishwa kazi Oktoba 2017, miezi minane tu tangu asifiwe. Brendan Rodgers aliipatia klabu Kombe la FA mwaka 2021, la kwanza katika historia yake, lakini timu ilipokuwa hatarini aliondolewa Aprili 2023. Mara hii dawa haikufanya kazi, na Leicester walishuka daraja Mei ya mwaka ule ule. Dawa moja iliyomponya mgonjwa mmoja isimponye wa pili, mganga mwenye akili huanza kuichunguza dawa yenyewe.

Hasira ya shabiki ni nini?

Nimejiuliza kwa nini shabiki hukasirika au kulia kwa mtu asiyemjua. Nafikiri ni kwa sababu shabiki ndiye mtu wa pekee katika kabumbu asiye na mkataba. Mwenye klabu ana hisa zake, mchezaji ana mshahara wake, meneja akifukuzwa huweza kulipwa fidia. Shabiki ana mapenzi na sauti tu. Hapigi kura, haulizwi. Basi huitumia sauti ile, na mara nyingi huitumia kabla ya kufikiri, kwani ikinyamaza hana kingine.

Lakini hasira hiyo si chuki. Mwenye klabu ya Leicester, Vichai Srivaddhanaprabha wa Thailand, alikufa pamoja na watu wengine wanne helikopta yake ilipoanguka nje ya uwanja tarehe 27 Oktoba, 2018. Mji mzima ulilia, na watu walijaza maua mahali pale. Hapana shaka kati ya walioweka maua walikuwamo wale walioulaumu uamuzi wake wa kumfukuza Ranieri. Walikuwa wamemkasirikia, nao walimpenda. Hata nyumbani kwetu ndivyo ilivyo.

Narudi shuleni kwetu

Baada ya kuyasoma haya niliona nimeipata jibu yangu, wala haikunifurahisha. Ushindi wetu wa mechi ile moja haukuthibitisha kitu. Siku tuliyofungwa 4, wachezaji wetu wawili walikuwa wagonjwa, na golikipa wetu alikuwa ameanza kucheza juma lile. Tuliyajua hayo, lakini kumlaumu mtu mmoja ni kazi nyepesi kuliko kuhesabu sababu nne.

Isitoshe, Ranieri alikuwa analipwa kwa kazi ile. Mwalimu wetu hakulipwa hata senti moja kwa ajili ya mpira. Alikuwa akitoka darasani saa kumi, wakati walimu wenzake wakienda nyumbani, naye akivua viatu vyake vizuri akishuka uwanjani pamoja nasi. Jezi tulizovaa siku ile ya kufungwa, ni yeye aliyezitafuta.

Basi Jumamosi moja, baada ya usafi, nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta akipalilia bustani.

Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

Nikamwambia kwamba siku ile jikoni nilikuwapo, na kwamba nilipiga kelele. Alikaa kimya kidogo akiegemea jembe, kisha akasema, "Najua. Sauti yako naijua, nakufundisha miaka minne." Halafu akaniuliza kama mlinzi wetu wa kushoto amekwisha zoea kutorudi mbele ovyo. Nikasema bado. Akanieleza la kufanya, nami nikapeleka maneno yale kwa nahodha, bila kusema yametoka wapi mpaka leo ninapoandika.

Sikumwomba arudi, kwani hilo si langu kuamua, na mwalimu aliyepo sasa naye anajitahidi. Lakini nilijifunza kwamba mashabiki wa Leicester walitushinda kwa jambo moja. Wao waliwasha taa dakika ya 65. Sisi hatukuwasha hata kiberiti.

Tukifungwa tena, kama tutakavyofungwa, maana hakuna timu isiyofungwa, nawaomba wenzangu wafanye mambo matatu kabla ya kukusanyika popote. Kwanza, wahesabu sababu zote, si moja. Pili, wamkumbuke mtu kwa yote aliyoyatenda, si kwa mechi ya mwisho tu. Tatu, kama ni lazima mtu abadilishwe, basi aagwe kwa heshima, kwa mkono na kwa asante. Meneja huweza kubadilishwa kwa siku moja, bali neno la shukrani likikosa siku yake hubaki deni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama ungekuwa mwenye klabu ya Leicester Februari 2017, ungefanya nini? Toa sababu.

2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kwa nini ushindi unaofuata mabadiliko si ushahidi wa kutosha kwamba mabadiliko ndiyo yaliyouleta.

3. "Shabiki hana mkataba, kwa hiyo hana wajibu." Je, wakubali?

Mwanafunzi wa Kidato cha IV